Sindano ya Kwanza Kabla ya Safari: Dozi ya Antibiotiki kwa Mtu Mzima Mwenye Homa ya Uti wa Mgongo

Na Mwandishi Wetu, Kilosa

Mgonjwa wa Mabwerebwere anayehitaji kulazwa hutazama pande mbili: Kilosa mjini, iliko hospitali ya wilaya, au Mikumi, iliko Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Kwa maradhi mengi muda unaotumika njiani huvumilika. Kwa homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria hauvumiliki, na wakati wa masika, barabara zinapoharibika, hatari huongezeka maradufu. Ndiyo maana swali la dozi ya dawa, ambalo wengi hudhani ni la madaktari peke yao, linamhusu pia ndugu anayempeleka mgonjwa.

Ugonjwa huu ni uvimbe wa tando zinazofunika ubongo na uti wa mgongo. Kwa mtu mzima bakteria wanaousababisha zaidi ni nimokokasi, ambao pia huleta kichomi, na meningokokasi, wanaoweza kuzua mlipuko. Dalili zake ni homa kali, maumivu makali ya kichwa, shingo kukakamaa, kutapika, kuchukia mwanga, kuchanganyikiwa na, hali inapozidi, degedege au kupoteza fahamu. Si lazima zote zionekane kwa pamoja. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mtu 1 kati ya 6 wanaougua homa ya uti wa mgongo ya bakteria hufariki, na 1 kati ya 5 hubaki na madhara makubwa, uziwi ukiwa miongoni mwa madhara hayo.

Ikumbukwe kuwa malaria kali huweza kufanana kabisa na ugonjwa huu. Katika maeneo yenye malaria, kipimo chanya cha malaria hakiondoi uwezekano wa homa ya uti wa mgongo, kwani mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria katika damu huku kinachomuua kikiwa bakteria kichwani. Panapokuwa na shaka, mgonjwa hutibiwa magonjwa yote mawili hadi vipimo vitakapotoa jibu.

Dawa ya kwanza inayopendekezwa, ikiwa ni pamoja na katika mwongozo wa WHO uliotolewa Aprili 2025, ni antibiotiki za kundi la seftriaksoni. Dozi yake kwa mtu mzima mwenye ugonjwa huu ni gramu 2 kila baada ya saa 12, yaani gramu 4 kwa siku. Kwa kuwa vichupa vingi vya dawa hii hubeba gramu 1, mgonjwa hutumia vichupa 2 asubuhi na 2 usiku. Ndugu anayeona kichupa 1 tu kikitumika kwa siku ana haki ya kuuliza kwa adabu, kwa sababu hicho ni kipimo cha maradhi mengine.

Kwa nini dozi iwe kubwa hivyo? Ubongo umezingirwa na kizuizi kinachochuja kila kinachotoka katika damu, na sehemu ndogo tu ya dawa hufika kwenye maji yanayouzunguka. Wakati wa ugonjwa uvimbe hukilegeza kizuizi hicho kiasi, na dawa hupenya vizuri zaidi. Mgonjwa anapoanza kupata nafuu kizuizi hujirudi, na upenyaji hupungua tena. Kwa hiyo dozi haipunguzwi kwa sababu mgonjwa amefumbua macho na kuomba uji. Hubaki ileile hadi siku ya mwisho. Kwa sababu hiyohiyo vidonge vya amoksilini kutoka duka la dawa haviwezi kutibu ugonjwa huu. Vinaweza tu kutuliza homa kwa siku moja au mbili na kuwaficha bakteria wasionekane maabara.

Sindano ya kwanza itolewe mapema iwezekanavyo. Zahanati au kituo cha afya chenye dawa kinapomshuku mgonjwa, hutoa dozi ya kwanza kisha kumpa rufaa, badala ya kumsafirisha bila kitu na kuiachia hospitali kazi hiyo. Barua ya rufaa ieleze jina la dawa, kiasi na saa iliyotolewa, kwa kuwa saa hiyo ndiyo inayopanga dozi inayofuata.

Pasipokuwa na uwezo wa kuweka dripu, dawa huchomwa kwenye msuli, ikigawanywa gramu 1 kila upande. Jambo hili lina ushahidi wa karibu nasi. Katika utafiti uliofanyika Blantyre, nchini Malawi, na kuchapishwa mwaka 2007, watu wazima 465 walitibiwa kwa seftriaksoni gramu 2 mara mbili kwa siku, wengine kwa mshipa na wengine kwa msuli. Idadi ya vifo katika makundi hayo mawili haikutofautiana kwa kiasi cha maana. Ikumbukwe tu kuwa dawa ya ganzi inayochanganywa na sindano ya msuli haiingizwi kamwe kwenye mshipa, na seftriaksoni haichanganywi na dripu yenye kalsiamu, kama ile ya Ringer.

Utafiti huohuo ulipima pia deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe inayotolewa pamoja na antibiotiki ya kwanza au muda mfupi kabla yake. Barani Ulaya ilikuwa imeonekana kuokoa maisha. Blantyre, ambako wagonjwa wengi walikuwa na maambukizi ya VVU, haikupunguza vifo. Uamuzi wa kuitumia hubaki kwa daktari anayemwona mgonjwa.

Wapo wanaohitaji zaidi ya seftriaksoni. Wazee, wajawazito na wenye kinga dhaifu wanaweza kuwa na bakteria aina ya listeria, ambao seftriaksoni haiwaui, hivyo huongezewa ampisilini gramu 2 kila baada ya saa 4. Panaposhukiwa usugu wa nimokokasi huongezwa vankomaisini. Aliyewahi kupata mzio mkali wa dawa hizi aseme mapema, kwani ipo njia nyingine, kwa mfano kloramfenikoli miligramu 25 kwa kila kilo ya uzito kila baada ya saa 6. Kwa mtu mwenye VVU, daktari hutafuta pia kifua kikuu na fangasi wa ubongo, ambao antibiotiki hizi hazina nguvu juu yao.

Majibu hayo hutokana na kipimo cha maji ya uti wa mgongo, kipimo kinachokataliwa na familia nyingi kwa hofu ya kupooza. Kwa mtu mzima sindano hiyo huchomwa kiunoni, chini ya mahali ambapo uti wenyewe umeishia. Kipimo hicho ndicho kinachoeleza matibabu yaendelee kwa siku ngapi: kwa kawaida siku 7 kwa meningokokasi, 10 hadi 14 kwa nimokokasi, na 21 au zaidi kwa listeria. Bila jibu la maabara daktari hukadiria, na mgonjwa asiondoke wodini kabla ya kuruhusiwa. Hata hivyo dawa haisubiri kipimo. Kikichelewa, sindano hutangulia.

Ikithibitika kuwa chanzo ni meningokokasi, watu wanaoishi nyumba moja na mgonjwa hupewa kinga: kwa mtu mzima, siprofloksasini miligramu 500 mara moja tu. Mjamzito hupewa sindano ya seftriaksoni miligramu 250 badala yake. Majirani waliokuja kumjulia hali kwa muda mfupi hawahitaji dawa hiyo, na kuigawa kijiji kizima bila maelekezo ya wataalamu huongeza usugu.

Maelezo haya hayampi mtu ruhusa ya kujitibu nyumbani. Mwananchi anayeona dalili zilizotajwa afike kituo cha afya kilicho karibu bila kusubiri kukuche. Ushauri wa afya hutolewa bila malipo kwa simu namba 199 ya Wizara ya Afya, na mjamzito au aliyejifungua karibuni anayepata dharura anaweza kuombewa usafiri wa m-mama kwa namba 115.