Somo la Kongwa: Historia ya Mpango wa Karanga na Misingi ya Kuendesha Mradi

Neno "mradi" limezoeleka sana katika vikao vya Chama, katika halmashauri za vijiji na katika vyuo vyetu. Hata hivyo bado wako makada wanaodhani kwamba mradi ni fedha na mitambo, na kwamba vitu hivyo viwili vikipatikana maendeleo yatafuata yenyewe. Historia ya nchi yetu inakanusha fikra hiyo. Mradi ni kazi yenye shabaha maalumu, yenye mwanzo na mwisho, iliyopimiwa muda, watu na mali. Vipimo hivyo vikiwa vya uongo, fedha nyingi huongeza tu ukubwa wa hasara. Mahali panapofundisha jambo hili kwa uwazi kuliko pengi ni Kongwa, mkoani Dodoma.

Shabaha ilikuwa ya nani?

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilipungukiwa sana na mafuta ya kula, wala haikuwa na dola za kutosha kuyanunua nje. Mwezi Machi 1946 Frank Samuel, kiongozi wa kampuni ya United Africa iliyokuwa tawi la Unilever, alipendekeza kwa serikali ya London kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika Mashariki. Serikali ikatuma ujumbe wa watu watatu ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Ujumbe huo ulifanya uchunguzi wake kwa muda wa wiki tisa tu, na sehemu kubwa ya ardhi iliangaliwa kutoka katika ndege.

Kutokana na uchunguzi huo ulitungwa mpango wa ekari 3,210,000, yaani mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 kwa miaka sita. Waziri wa Chakula, John Strachey, alikuwa mjamaa kwa maandishi yake, lakini ujamaa wake haukubadili uhusiano wa mtawala na mtawaliwa. Shabaha ilikuwa kupata majarini ya Waingereza. Mwananchi wa Tanganyika aliingia katika hesabu kama nguvu ya kazi.

Hapa ndipo ulipo msingi wa kwanza. Kabla ya kuuliza mradi utagharimu kiasi gani, lazima tuulize unamtumikia nani. Swali hili ni la siasa na pia ni la utaalamu, kwa sababu mwenye shabaha ndiye anayeamua ni habari zipi zitafutwe na zipi zipuuzwe. Wagogo walikuwa wakilima mtama na uwele na kufuga ng'ombe, maana walijua kwamba mvua ya Ugogo haina ahadi. Ujuzi huo wa vizazi vingi haukuwekwa mbele ya ripoti ya wiki tisa.

Ratiba bila maarifa

Kazi ilianza Kongwa mwanzoni mwa 1947. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Sababu zake zinajulikana vizuri, na kila moja ni somo.

Matingatinga mengi yalikuwa mitumba ya jeshi yaliyobaki baada ya vita, nayo yaliharibika upesi. Vipuri na karakana havikuwa tayari. Bandari ya Dar es Salaam na reli ya kati hazikuweza kupokea na kusafirisha shehena kubwa kiasi kile kwa wakati mmoja. Vichaka viliangushwa kwa urahisi, lakini mizizi iliyobaki ardhini ilivunja majembe ya trekta. Udongo wenyewe ulikuwa na mchanga unaokula chuma, na kiangazi uligeuka mgumu kama sakafu, hata karanga hazikuweza kuchimbuliwa. Tena mvua ikakosekana.

Wafanyakazi nao walikuwa na lao. Mgomo ulioanza kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam mwezi Septemba 1947 ulienea katika miji iliyofuata njia ya reli. Wapangaji walikuwa wamehesabu mashine, lakini hawakumhesabu mfanyakazi kama mtu anayekula, anayelala na anayedai haki yake.

Msingi wa pili, basi, ni mpangilio wa hatua. Bandari hutangulia mzigo, karakana hutangulia trekta, na shamba la majaribio hutangulia shamba la maelfu ya ekari. Kongwa mambo yote yalianzishwa kwa pamoja, kwa sababu tarehe ya mavuno ilikuwa imekwisha tangazwa London.

Msingi wa tatu ni usimamizi na hesabu. Kampuni ya United Africa, ambayo kiongozi wake ndiye aliyetoa wazo, ndiyo iliyopewa kazi ya kuuendesha mpango hadi 1948, lilipochukua nafasi shirika la umma la Uingereza. Shirika hilo liliendelea kukimbilia ekari, na wakaguzi wa mahesabu yake ya 1948 na 1949 walisema wazi kwamba vitabu havikutunzwa inavyopasa. Taarifa mbaya zilipotoka mashambani, lengo lilipunguzwa kidogo kidogo, lakini swali la msingi halikuulizwa. Mwezi Januari 1951 mpango ulifutwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikaandikwa hasara.

Reli ya Uhuru

Makada wengine husema kwamba kosa la Kongwa lilikuwa ukubwa. Sivyo. Baada ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini kujitangazia utawala mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia ya kwenda baharini isiyopita mikononi mwa makaburu na walowezi. Mabenki na wataalamu wa Magharibi walikuwa wamesema reli hiyo haifai. Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba na China mwezi Septemba 1967. Lakini reli haikuanza kujengwa siku hiyo. Upimaji ulifanywa tangu 1968 hadi 1970, watu wakipita kwa miguu katika mabonde na milima. Ujenzi ulianza Oktoba 1970. Sehemu ngumu kuliko zote, kutoka Mlimba hadi Makumbako, ilijulikana mapema na ikatengewa nguvu yake. Mwaka 1975 mataruma yalifika Kapiri Mposhi, umbali wa kilomita 1,860, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976.

Hata hivyo historia haitaki sifa tupu. Baada ya kukabidhiwa, injini za kwanza zilisumbuliwa na milima, vipuri vilikuwa haba, na reli haikubeba mzigo wa tani milioni 2 kwa mwaka uliotarajiwa. Huu ndio msingi wa nne: ujenzi una mwisho, lakini matunzo hayana. Anayepanga kujenga bila kupanga kutunza amefanya nusu ya kazi.

Ugonjwa haukuondoka na bendera

Ni kosa kudhani kwamba makosa ya Kongwa yalikuwa ya wakoloni peke yao. Mwezi Novemba 1973 kuishi katika vijiji kulitangazwa kuwa amri, na tarehe ya mwisho ikawekwa kuwa 1976. Shabaha ilikuwa ya wananchi: shule, zahanati na maji vilihitaji watu wanaokaa pamoja. Lakini katika wilaya nyingi viongozi walishindana kwa idadi ya kaya zilizohamishwa. Mahali pa kijiji palichaguliwa kando ya barabara kabla ya kupima udongo na maji, na wakulima wakajikuta mbali na mashamba yao. Shabaha njema haikuokoa hatua zilizorukwa. Tarehe ilitawala maarifa, kama ilivyokuwa Kongwa.

Kwa hiyo misingi hii si mali ya wataalamu peke yao. Kada anayeletewa mradi wa kisima, wa zahanati au wa ghala katika kijiji chake anayo haki na wajibu wa kuuliza: Nani ameusema uhitaji huu? Nani amepima, na kwa muda gani? Hatua ipi itatangulia ipi? Nani atashika vitabu, na nani atavikagua? Nani atanunua kipuri mwaka wa tano? Zaidi ya yote, mkulima akisema katika mkutano kwamba hapa maji hukauka Septemba, nani ataliandika neno lake na kulipeleka mbele, hata kama tarehe imekwisha tangazwa? Demokrasia ya kijiji ni chombo cha kupimia mradi. Wakulima wa Ugogo walikuwa na jibu kabla pauni ya kwanza haijatumika, lakini utawala wa kikoloni haukuwa na kikao cha kuwasikiliza. Sisi tunavyo vikao. Tusipovitumia, hatutakuwa na mkoloni wa kumlaumu.