Mwezi, karabai na leseni: serikali ilivyojifunza kumsimamia dagaa wa Ziwa Tanganyika

Kama unaishi Kasulu au Kibondo, kuna uwezekano mkubwa hujawahi kushika wavu. Ziwa Tanganyika liko huko chini, karibu mita 770 kutoka usawa wa bahari, na wewe uko juu kwenye nyanda za Uha, na mahindi yako, maharage na muhogo. Lakini dagaa unao. Wako sokoni kwa fungu na kwa kopo, wakavu, wanang'aa, na ni kitoweo ambacho mwenye hela kidogo bado anaweza kukifikia. Kwa hiyo tarehe 15 Mei 2024, serikali ilipofunga uvuvi upande wetu wa ziwa hadi 15 Agosti, habari hiyo ilikuhusu wewe pia, hata kama uliisikia redioni ukaendelea kupalilia.

Swali ninalotaka tulifuatilie ni hili: kwa nini kufunga ziwa? Nchi kama Iceland na Norway huweka kiwango cha tani. Wanasayansi wanakadiria samaki waliopo, serikali inagawa mafungu, na fungu lako likiisha unarudi nyumbani. Kwa nini sisi hatugawi tani, tunafunga siku?

Jibu linaanzia mbali, kabla ya sheria yoyote kuandikwa. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta soko lenye samaki, nafaka na chumvi. Dagaa walikuwa wakivuliwa usiku. Mvuvi aliwasha moto wa kuni kwenye mtumbwi, samaki wakaufuata mwanga, naye akawachota kwa lusenga, wavu wenye mpini mrefu. Sasa fikiria mbalamwezi ikitanda. Ziwa lote linang'aa, moto wako hauna tena mvuto, dagaa wametawanyika. Unalala nyumbani. Maana yake kila mwezi ziwa lilipata mapumziko ya siku kadhaa, bila afisa, bila faini. Mwezi ndio uliokuwa mamlaka ya kwanza ya uvuvi pale, na mpaka leo wavuvi wa dagaa wanapanga kazi yao kwa kuutazama.

Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1950. Karabai ya mafuta ya taa ilichukua nafasi ya kuni. Upande wa Burundi, wavuvi wa asili ya Kigiriki walileta vyombo vya injini na nyavu kubwa za kuzungushia, na wakati huohuo ikaja mbinu ya kuunganisha mitumbwi miwili na kuinua wavu kutoka chini ya taa. Mbinu hii ya pili ndiyo iliyoenea Kigoma. Ile ya kwanza ilikuwa na mwisho wa kusikitisha: mahali meli hizo zilipovua kwa nguvu, samaki wakubwa walao dagaa walipungua haraka, na kufikia miaka ya 1990 uvuvi huo wa kiviwanda Burundi ulikuwa umekwisha. Dagaa, pamoja na mgebuka, wakabaki kuwa nguzo ya ziwa.

Na serikali yetu? Ilipata Sheria ya Uvuvi ya 1970, ikaunda Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) mwaka 1980, ambayo ina kituo Kigoma, kisha ikatunga Sheria ya Uvuvi ya 2003 na Kanuni zake za 2009. Ukizisoma kanuni hizo (mimi nimezisoma, si usomaji wa kulalia usingizi mzuri) utaona zinashughulika hasa na vitu vinavyoshikika. Chombo kisajiliwe. Mvuvi awe na leseni. Tundu la wavu lisiwe dogo kuliko kipimo. Kokoro marufuku, sumu marufuku, baruti marufuku. Anayenunua na kusafirisha naye anahitaji karatasi zake, kwa hiyo hata gunia linalopanda Kasulu limepita mikononi mwa sheria. Ila hakuna mahali mvuvi wa dagaa anapoambiwa: mwaka huu usizidishe kilo kadhaa.

Si uzembe. Mwaka 1995 nchi nne zinazolizunguka ziwa zilifanya sensa ya uvuvi kwa pamoja, zikakuta vituo karibu 800 vya kushushia samaki na wavuvi takriban 45,000. Ugawe mgao wa tani kwa watu 45,000 wanaoteremka alfajiri kwenye fukwe 800, nyingine hazina hata barabara! Ungehitaji afisa na mizani kila ufukwe, kila siku. Wavu unaweza kuupima kwa rula. Siku unaweza kuihesabu. Dagaa waliokwisha kuanikwa mchangani huwezi.

Kuna tatizo jingine ambalo naona halisemwi vya kutosha. Sera na kanuni zinatoka wizarani, lakini afisa uvuvi wa wilaya yuko chini ya halmashauri, na halmashauri inakusanya ushuru wa samaki. Yule anayetakiwa kupunguza uvuvi analishwa na uvuvi. Kuanzia sheria ya 2003, sehemu ya kazi ilipewa vikundi vya usimamizi wa fukwe, maarufu kama BMU, yaani wavuvi na wachuuzi wenyewe wafanye doria na kutunza takwimu. Wazo zuri. Lakini jirani kumkamata jirani, tena bila mshahara, ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana kwenye semina.

Halafu likaja jambo ambalo rula haiwezi kulipima kabisa. Chakula cha ziwa hili kinatoka chini. Virutubisho vimelala kwenye maji baridi ya kina, na upepo wa kusi wa miezi ya kiangazi, Mei hadi Septemba, husaidia kuvipandisha. Maji ya juu yakipata joto zaidi yanakuwa mepesi na kukaa kama kifuniko, hayachanganyiki na ya chini. Mwaka 2003 watafiti walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya ziwa ulikuwa umeshuka kwa karibu asilimia 20, na kwamba samaki huenda wangeshuka kwa kama asilimia 30. Wengine walipinga, wakasema uvuvi wenyewe unatosha kueleza upungufu. Mwaka 2016 utafiti wa tope la chini ya ziwa ulionyesha kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina hoja, na hilo halimpi mvuvi ruhusa: ziwa likizalisha kidogo, wavu uleule unauma zaidi.

Ndipo tunarudi kwenye siku. Ziwa lina wenyewe wanne: Kongo ina karibu asilimia 45, sisi 41, Burundi 8, Zambia 6. Dagaa hana pasipoti. Mkataba wa pamoja ulisainiwa Dar es Salaam Juni 2003, ukazaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura, na nchi hizo zikafika kwenye makubaliano ya kupumzisha uvuvi. Kibaiolojia ina mantiki, kwa sababu dagaa huishi mwaka mmoja hivi na hukomaa ndani ya miezi. Miezi mitatu kwake ni sehemu kubwa ya maisha. Kwa mama anayeanika dagaa ufukweni pia ni sehemu kubwa ya mwaka, na hapo ndipo gharama ilipoangukia.

Sisi wa juu tuna kipande chetu pia. Tangazo la 2024 lilihusu ziwa. Lakini Mto Malagarasi unapita kwetu, na pamoja na Muyovozi unatengeneza bwawa kubwa lenye kambale na perege, lililotambuliwa mwaka 2000 kuwa eneo la kwanza la Ramsar nchini, zaidi ya hekta milioni 3. Dagaa wakiadimika sokoni Kibondo, ni kawaida jicho kugeukia huko. Na sehemu ya bwawa hilo ni Pori la Akiba la Moyowosi, ambako Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inataka kibali cha kuingia tu, achilia mbali kuvua. Mtu anaweza kuwa na leseni halali ya uvuvi mfukoni, wavu wenye tundu linalokubalika, chombo kilichosajiliwa, na bado akakamatwa na askari wa wanyamapori ambaye hana habari na rula.