Habari za Moto katika Vichaka vya Mialoni vya Florida

Wengi wetu tumezoea kuunena moto wa porini kuwa adui tu. Nami nalifundisha hivyo darasani, hata nilipozijua habari za Florida, jimbo la Marekani, ambako kuuzuia moto kulileta hasara.

Katikati ya jimbo hilo pana mwinuko wa mchanga mweupe uitwao Lake Wales Ridge, urefu wake yapata maili 100. Zamani za kale, bahari ilipokuwa juu, ulikuwa visiwa. Humo humea mialoni. Lakini msomaji asidhani ni miti mikubwa kama ile ya Mamre. Hii ni vichaka, na vingi havimpiti mtu kimo. Radi huviteketeza, na baada ya majuma machache machipukizi hutoka, kwa kuwa mizizi na mashina hukaa salama chini ya mchanga.

Katika vichaka hivyo huishi ndege wa samawati, wa ukoo wa kunguru, aitwaye jay. Vijana wake hubaki kwa wazazi mwaka mmoja au zaidi, wakisaidia kulisha wadogo zao, na mmoja hushika zamu juu ya kichaka akimwangalia mwewe. Kila ndege huzika mchangani maelfu ya matunda ya mwaloni kwa mwaka. Vichaka vikirefuka, mlinzi haoni mbali, wala mchanga wazi wa kuzikia akiba haupatikani.

Tangu 1928 hata 1931 vijana walitumwa kusini mwa Marekani kwa malori yenye sinema, wakihubiri kwamba achomaye msitu ni mharibifu. Wenyeji waliochoma kwa ajili ya malisho wakahesabiwa wajinga. Mwaka 1931 Herbert Stoddard, aliyechunguza kwale wa misitu ya misonobari, aliutetea moto katika kitabu chake. Waliomsikiliza walikuwa wachache.

Mwaka 1941 Richard Archbold alianzisha kituo cha elimu ya viumbe juu ya mwinuko ule. Huko nako moto ulizuiwa miaka mingi. Tangu 1969 Glen Woolfenden aliwavika jay pete miguuni, akawahesabu. Ikaonekana kwamba jamaa zilizokaa penye vichaka vikuukuu zilizidi kupungua. Basi katika miaka ya 1970 watunzaji wenyewe wakashika viberiti. Huchoma sehemu moja moja, ndege wapate pa kukimbilia.

Mwaka 1990 sheria ya Florida ilikubali kazi hiyo. Lakini sehemu kubwa ya vichaka ilikuwa imekwisha geuzwa mashamba ya michungwa na nyumba. Na wenye nyumba huchukia moshi, hata siku ya kuchoma hungojewa mpaka upepo uelekee kwingine.