Kamba wa Maji Baridi

Kamba wa maji baridi ni jamaa wa kaa, wenye miguu kumi, wanaoishi mitoni, maziwani, chemchemini na hata mapangoni. Mlaji wa pwani humjua kamba kama kitoweo cha baharini, lakini karibu robo ya spishi zinazojulikana za kundi la kamba liitwalo Caridea ni za maji baridi. Wengi ni wa familia mbili. Palaemonidae, hasa jenasi Macrobrachium, wana magando marefu na ugomvi mwingi. Atyidae ni wadogo na wapole. Ncha za magando yao zina vishungi vya nywele vya kukombea ukungu wa mwani juu ya mawe.

Kinachoamua makazi yao ni chumvi. Jike la Macrobrachium rosenbergii, jitu la Asia ambalo dume lake hufikia sentimita 32, hubeba mayai chini ya tumbo kwa takribani wiki tatu huku akiteremka kuelekea mlango wa mto. Mayai huwa ya rangi ya machungwa, kisha hugeuka kijivu yanapokaribia kuanguliwa. Lava huogelea kichwachini, mkia ukitangulia, na wasipopata maji yenye chumvi kiasi hufa baada ya siku chache. Mtafiti Shao-Wen Ling aligundua siri hiyo nchini Malaysia mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ufugaji wa kamba hao ukaanzia hapo.

Kwa hiyo ukiziba mto, umemkata kamba na uzazi wake. Bwawa la Diama lilikamilika mwaka 1986 karibu na mlango wa mto Senegal ili kuzuia maji ya bahari. Konokono wanaobeba kichocho wakastawi katika maji yaliyopungua chumvi na mifereji ya umwagiliaji, wakati Macrobrachium vollenhovenii, anayewala konokono hao, akifungiwa njia. Mwaka 1988 kichocho cha utumbo kiligunduliwa Richard-Toll, kikaenea kwa kasi. Katika kijiji cha Lampsar watafiti walirudisha kamba kwenye sehemu wanakijiji wanapochota maji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha konokono wenye vimelea wamepungua, na mayai ya kichocho kwa watu vilevile. Bwawa, hata hivyo, halikuwa kisababishi pekee.

Spishi nyingine zimeachana kabisa na bahari. Ziwa Tanganyika lina Atyidae wake wasiopatikana kwingineko, wa jenasi kama Limnocaridina na Atyella, wanaojificha kwenye miamba, mchanga na makombe matupu ya konokono.

Ziwa Victoria lina uduvi mmoja maarufu, Caridina nilotica, wa sentimita mbili tatu tu, ambaye Wajaluo humwita ochong'a. Samaki aitwaye sangara alipowamaliza wengi wa samaki wadogo waitwao furu katika miaka ya 1980, watu wangetarajia naye afe njaa. Aliwageukia uduvi. Wao walikuwa wameongezeka mno, na kwa kuwa huvumilia maji yenye oksijeni haba, hupata maficho kilindini asikoweza kukaa sangara. Usiku hupanda juu, na wavuvi wa dagaa wakiwasha taa huwanasa pamoja na dagaa kwenye nyavu zao. Mchanganyiko huo huanikwa juani, na sehemu kubwa ya uduvi huishia kwenye chakula cha kuku na samaki wa kufugwa.