Uhalalishaji wa mfumo

Uhalalishaji wa mfumo ni mwelekeo wa binadamu kuuona mpangilio uliopo wa jamii kuwa wa haki, hata anapoumizwa nao. Nadharia hii ilitolewa na John Jost na Mahzarin Banaji mwaka 1994. Upopulisti huelekea kinyume: wananchi ni wema, wakubwa ni wezi.

Mielekeo hiyo miwili huweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Chukua mfano wa Sori nchini Kenya: mji huu wa wavuvi ulioko Nyatike, kaunti ya Migori, karibu na kaunti ya Homa Bay, uko katika eneo lililomuunga mkono mwanasiasa wa upinzani Raila Odinga kwa miongo mingi. Tarehe 30 Januari 2018 Raila alijiapisha kuwa “rais wa wananchi” katika bustani ya Uhuru. Siku 38 baadaye akapeana mkono na Rais Uhuru Kenyatta. Agosti 2024 John Mbadi wa Suba Kusini, Homa Bay, mshirika wa Raila, akawa waziri wa fedha katika serikali ya Rais William Ruto, aliyeshinda mwaka 2022 kwa kaulimbiu ya mahasla, yaani wahangaikaji wa kipato cha chini.

Mfuasi aliyewalaani wakubwa jana akaiamini serikali leo, kumwita mnafiki ni haraka mno. Anayeona wa kwao mezani huanza kuiamini meza, hata kama bei ya mafuta ya boti haijashuka.