Kuchemka kwa injini ya lori katika baridi kali

Kuchemka kwa injini (madereva husema gari limechemsha) ni hali ya joto la injini kupanda kupita kiwango kilichowekwa na mtengenezaji, hadi maji ya rejeta yaanze kugeuka mvuke. Makala hii inahusu hali hiyo inapolipata lori la dizeli, au pikapu inayovuta tela, katika safari ndefu za majira ya baridi, hasa kwenye barabara za Marekani na Kanada. Wengi hudhani injini haiwezi kuchemsha ilhali nje maji yanaganda. Dhana hiyo ni potofu na ya hatari. Baridi hailindi injini. Wakati mwingine ndiyo inayoichemsha.

Sababu

Chanzo cha kustaajabisha kuliko vyote ni rejeta kuganda huku injini ikiunguruma. Injini inapowashwa asubuhi, thamostati huwa imefunga, na maji huzunguka ndani ya bloku na silinda hedi peke yake. Rejeta iko mbele, haipati maji ya moto, na gari likishaondoka inapigwa na upepo wa barabarani. Kulanti (maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kuganda) ikiwa hafifu, chembe za barafu huanza kujijenga katika mirija myembamba ya rejeta. Thamostati inapofunguka, kwa kawaida kati ya nyuzi 82 na 90 za Selsiasi, maji ya moto hukuta njia imezibwa. Hayana pa kwenda, na yanaendelea kupata moto ndani ya bloku wakati rejeta yenyewe ni ya baridi hata mtu anaweza kuishika kwa kiganja. Dereva huona geji imepanda hadi kwenye nyekundu, hushuka, hugusa rejeta, kisha huilaumu geji.

Nguvu ya kulanti hutegemea uwiano wa ethilini glikoli na maji. Nusu kwa nusu huganda karibu na nyuzi 37 chini ya sifuri, na hicho ndicho kiwango kinachotumiwa na wengi. Glikoli ikishuka hadi theluthi moja, kinga huishia takriban nyuzi 17 chini ya sifuri, baridi ambayo North Dakota au Manitoba huiona mara nyingi kila mwaka. Jambo lisilotarajiwa ni kwamba glikoli tupu huganda mapema zaidi, kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Mwenye gari anayemimina glikoli isiyochanganywa akidhani anazidisha ulinzi anajiharibia mwenyewe. Tena glikoli tupu hubeba joto vibaya kuliko mchanganyiko. Kulanti nyingi za madukani huuzwa zikiwa zimekwisha kuchanganywa, na anayeongeza maji juu ya hizo huzidhoofisha bila kujua.

Sababu ya pili ni pazia la grili. Katika majira ya baridi malori mengi hufungwa turubai mbele ili injini ipate joto upesi na kebini isiwe barafu. Wasio na turubai hutumia kipande cha boksi. Pazia husaidia gari likiwa tupu kwenye tambarare. Likibaki limefungwa lote wakati lori limebeba mzigo kamili na linapanda mlima, hewa haifiki kwenye rejeta wala kwenye kipoza hewa cha turbo, na injini huchemsha hata nje ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Ndiyo maana watengenezaji wa injini hutaka pazia liachwe na uwazi katikati. Uwazi wa upande mmoja haushauriwi, kwa sababu mapanga ya feni hubeba mzigo usio sawa kila yanapozunguka.

Theluji nayo hufanya kazi ya pazia bila kuombwa. Lori linalofuata gari la kusukuma theluji, au linalopita kwenye matope ya theluji na chumvi, hurushiwa tope linaloganda juu ya grili hadi hewa ikosekane.

Klachi ya feni iliyokufa ni sababu ya kinyemela. Kwenye barabara kuu wakati wa baridi, upepo wa mwendo pekee hutosha kupoza rejeta, kwa hiyo feni inaweza kukaa wiki kadhaa bila kuhitajika na hakuna anayegundua kwamba haifanyi kazi. Ubovu hujitokeza kwenye mlima wa kwanza mrefu.

Zipo pia sababu za majira yote: thamostati kukwama ikiwa imefunga, fenibelti kukatika, wota pampu kuvuja, gasketi ya silinda hedi kuungua. Baridi huongeza uvujaji, kwa kuwa mpira na chuma husinyaa kwa viwango tofauti na klipu za mipira ya rejeta hulegea usiku. Uvujaji huo mara nyingi hukoma injini ikipata moto, jambo linalowasumbua mafundi wanaolikagua gari ndani ya gereji yenye joto.

Baridi ya upepo, inayotangazwa sana redioni, haiwezi kuishusha injini chini ya joto la hewa yenyewe. Huifikisha huko haraka zaidi, basi.

Historia

Magari ya kwanza yalichemsha kwa kawaida, na maji yaliyogeuka mvuke yalifidiwa njiani. Bertha Benz, katika safari yake ya mwaka 1888 kutoka Mannheim hadi Pforzheim, alisimama mara kwa mara kujaza maji. Mageuzi makubwa yalikuja na Wilhelm Maybach, aliyebuni rejeta ya masega kwa ajili ya gari la Mercedes la nguvu za farasi 35, lililoanza kutengenezwa mwishoni mwa mwaka 1900. Rejeta hiyo ilikuwa na mirija midogo 8,070, na rejeta za leo bado zinafuata wazo lake la kukutanisha eneo kubwa la chuma na hewa nyingi.

Kuganda kulibaki tatizo. Wenye magari wa nchi za baridi walimwaga maji ya rejeta kila jioni na kuyarudisha yakiwa moto asubuhi, au walitia alkoholi, ambayo ilikuwa na kasoro moja kubwa: ilivukiza injini ikipata moto, na baada ya safari ndefu dereva alibaki na maji matupu. Ethilini glikoli, iliyotengenezwa kwanza na mkemia Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz katika miaka ya 1850, iliingia sokoni Marekani kama kulanti ya magari mwaka 1927 kwa jina la Prestone. Haikuvukiza upesi kama alkoholi, na iliinua kiwango cha kuchemka badala ya kukishusha.

Thamostati ya nta, inayofunguka nta inapoyeyuka na kutanuka, ni kazi ya Sergius Vernet ya miaka ya 1930. Andrew Freeman wa North Dakota alipata hataza ya hita ya umeme ya kupasha injini moto mwaka 1949. Waya wa hita ukining'inia mbele ya grili ni jambo la kila siku katika majimbo ya kaskazini.

Barabara

Mfano wa barabara unaotajwa sana katika hali hii ni barabara kuu ya Dalton huko Alaska, yenye urefu wa kilomita 666, iliyojengwa mwaka 1974 kuhudumia bomba la mafuta. Baada ya kituo cha Coldfoot, kuelekea mwisho wa barabara huko Deadhorse, hakuna huduma yoyote kwa karibu kilomita 386, na katikati yake kuna njia ya mlimani ya Atigun, yenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,400. Prospect Creek, kusini mwa Coldfoot, ilirekodi nyuzi 62 chini ya sifuri mnamo Januari 1971. Simu za mkononi hazina mtandao sehemu kubwa ya njia, na madereva huzungumza kwa redio ya CB kwenye chaneli ya 19.

Kwenye barabara kuu ya 70 huko Colorado, handaki la Eisenhower liko mita 3,401 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho maji matupu yasiyo na mgandamizo huchemka karibu na nyuzi 89, yaani joto ambalo injini nyingi za dizeli hulifikia zikiwa katika kazi ya kawaida. Hapo ndipo mfuniko wa rejeta unapoonyesha thamani yake. Mfuniko mzima wenye mgandamizo wa pauni 15 kwa inchi ya mraba hupandisha kiwango cha kuchemka cha mchanganyiko wa nusu kwa nusu kutoka nyuzi 107 hadi takriban 129, vipimo vikichukuliwa pwani. Mpira wake ukichakaa, faida yote hiyo hupotea.

Huko Siberia, kwenye barabara ya Kolyma, malori huachwa yakiunguruma usiku kucha ili injini zisigande.

Dalili

Dalili ni geji kupanda, hita ya kebini kutoa hewa baridi ghafla ilhali geji iko juu (ishara ya maji kupungua au kutozunguka), harufu tamu ya glikoli, na mvuke. Geji ikishuka ghafla baada ya kupanda si habari njema, maana huenda kihisi kimebaki hewani bila maji.

Hatua za dereva

Kazi ya kwanza ni kupunguza mzigo wa injini: kuachia mafuta, kushuka gia, na kuwasha hita ya kebini hadi mwisho, kwa kuwa hita ni rejeta ndogo ya ziada. Kama maji bado yamo na taa ya oili haijawaka, kusimama na kuiacha injini izunguke kwa kasi ya kadiri huipoza vizuri kuliko kuizima papo hapo. Kama maji yamekwisha, huzimwa mara moja.

Lori likisimama, pazia la grili hufunguliwa na barafu iliyoganda mbele huondolewa. Kanuni za Marekani humtaka dereva wa lori aweke alama tatu za tahadhari ndani ya dakika 10; kwenye barabara ya upande mmoja huwekwa nyuma ya gari kwa umbali wa takriban mita 3, 30 na 60. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa moto. Kungoja angalau nusu saa ni kanuni ya kawaida, na hata hapo hufunguliwa kwa kitambaa, kidogo kidogo. Kosa baya kupita yote ni kutia theluji au maji ya baridi kwenye injini iliyochemsha: silinda hedi hupasuka, na gharama yake huzidi ya kuvutwa na gari la msaada.

Rejeta iliyoganda haihitaji fundi papo hapo. Injini huzimwa, mbele safari hii hufunikwa badala ya kufunguliwa, na joto la bloku huachwa lipenye lenyewe, injini ikiwashwa kwa vipindi vifupi hadi mirija izibuke.

Kusubiri nako kuna hatari yake. Injini iliyozimwa ina maana ya kebini isiyo na joto, hivyo mablanketi, chakula na maji ya kunywa ni sehemu ya vifaa kama vile spana. Kuacha gari na kutembea kutafuta msaada hakushauriwi. Injini ikiwashwa ili kupasha kebini, theluji huondolewa kwanza kwenye bomba la moshi, maana gesi ya kaboni monoksidi huua bila harufu.

Maji ya njiani

Madereva waliojifunzia kazi Afrika Mashariki, ambao baadhi yao sasa huendesha malori Marekani na Kanada, wamezoea dumu la maji nyuma ya kiti na utingo wa kuyamimina. Kwenye milima ya Sekenke au Kitonga nchini Tanzania mazoea hayo ni ya busara, na yameokoa injini nyingi. Katika baridi ya Minnesota maji matupu ni dawa ya saa chache tu. Yanayoongezwa mchana huganda usiku, na kwa kuwa hutanuka kwa takriban asilimia 9 yakiwa barafu, hupasua rejeta au kusukuma nje vizibo vya bloku. Aliyelazimika kuyatumia hupima kulanti kwa haidromita kabla ya kuzima injini usiku huo, kisha hutoa sehemu na kujaza glikoli. Kulanti inayomwagwa hukusanywa kwenye chombo. Ni tamu na ni sumu, na mbwa huilamba.

Hali ya sasa

Kompyuta za malori mapya zenyewe hupunguza nguvu ya injini joto linapozidi, na baadhi huizima kabisa. Malori ya umeme nayo yana kulanti, kwa ajili ya betri na mota.