Haigusi na Haitagusa

Ukisimama kwenye gereji ya Mandewa, hapa Manispaa ya Singida, wakati injini inashushwa kwa cheni bloki kwenye chesesi ambayo si yake, utasikia swali moja likirudiwa. "Inagusa?" anauliza fundi aliyeshika cheni. "Haigusi, fundi," anajibu kijana aliyelala chini na tochi ya simu. Wenye vitabu huliita jambo hilo kliaransi. Gereji inalisema kwa kitenzi, na kitenzi hicho kimebeba zaidi ya kinavyodhaniwa.

Kiingereza kimelitwika neno hilo mizigo mingi. Mwenye kontena bandarini analitumia, rubani analitumia, hata duka linalomaliza bidhaa zake kwa bei ya kutupa. Sisi tuligawa mapema: mzigo tunaugomboa, rubani anapewa kibali, na bidhaa zinauzwa zote zikaisha. Kilichobaki bila jina la kuridhisha ni kile cha fundi, yaani umbali unaoachwa makusudi kati ya vyuma viwili ili visikutane kamwe.

Maneno yanayopendekezwa si haba. "Uwazi" halinishawishi: limeshachukuliwa na wanasiasa pamoja na ndugu yake uwajibikaji, na hata kabla yao lilikuwa hali ya kutofungwa, wala si kipimo. "Mwanya" ni zuri kwa meno ya mbele, ila kwenye chuma linanukia kasoro, kitu kilichotakiwa kukutana kikashindwa. "Gepu" lina kazi yake kwenye plagi na limeizoea, tuliache huko. "Upenyo" lina kitu ndani yake, nitalirudia. Kabla ya kuchagua, tuitazame kazi yenyewe.

Mfano wa karibu ni Land Rover 109 iliyofungwa injini ya dizeli ya Toyota, labda 3L ya lita 2.8, baada ya injini yake ya lita 2.25 kuchoka na spea kusumbua. Namba 109 ni inchi kutoka ekseli hadi ekseli. Ekseli ya mbele ni ya kipande kimoja, inapanda na kushuka chini ya injini, na difu yake haiko katikati, imeegemea kulia. Sampu ya injini ngeni haikuchongwa kwa kuijua difu hiyo. Gari likiwa limesimama, injini ikiwa bado inaning'inia, haigusi. Pakia magunia ya vitunguu, ingiza tairi kwenye korongo, na ekseli itapanda hadi kwenye mpira wa kuizuia. Hapo ndipo sampu inapopigwa na oili kumwagika porini.

Kwa hiyo fundi mzuri haamini alichokiona siku ya kushusha injini. Anaondoa springi, anainua ekseli kwa jeki hadi mwisho wa safari yake, kisha anaangalia tena. Wengine hubandika udongo laini wa mfinyanzi chini ya sampu, wanaipandisha ekseli, wanaishusha, halafu wanapima unene wa udongo uliobaki pale palipobanwa zaidi.

Na injini yenyewe haitulii. Imekaa juu ya mipira, na dereva akikanyaga mafuta inajipindua kuelekea upande mmoja. Mipira ikizeeka inajipindua zaidi. Feni iliyokaa sentimita moja tu kutoka kwenye rejeta inaonekana salama hadi siku ya breki ya ghafla, injini inaposogea mbele. Paipu ya ekzosi ina ubaya mwingine. Inaweza isiguse kitu chochote maisha yake yote na bado ikauchemsha mpira wa breki au bomba la dizeli lililo jirani. Hapo kugusa kunafanywa na joto, na kitenzi cha gereji kinapungukiwa kidogo.

Wamarekani waliyapitia haya kwa ajili ya starehe. Miaka ya 1930 na 1940, vijana wa California walichukua Ford kuukuu, wakazivua madigadi na kuzipachika injini kubwa, kisha wakashindana kwenye maziwa yaliyokauka. Magari hayo yaliitwa hoti rodi. Chesesi iliyopendwa kuliko zote ni ya Ford ya 1932, mwaka ambao Ford ilianza kuuza V8 kwa bei ya mtu wa kawaida. Chevrolet ilipotoa V8 yake ndogo mwaka 1955, wengi waliihamishia kwenye chesesi hiyo wakakuta distribyuta yake iko nyuma, ikigombania nafasi na ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Upande wa kushoto manifodi ya ekzosi iligombana na boksi la steringi. Wakaukata ukuta na kuurudisha nyuma.

Kiwanda nacho hakikusalimika. Mwaka 1979 Land Rover walipoweka V8 ya lita 3.5 kwenye 109, walilazimika kusogeza grili mbele hadi usawa wa madigadi. Sura nzima ya gari ikabadilika, na wengi walidhani ni urembo.

Sasa turudi kwenye neno. "Haigusi" ni taarifa ya sasa hivi. Anachokitafuta fundi ni "haitagusa": gari likiwa limejaa, mipira imechoka, barabara imeharibika. Kliaransi ni ile tofauti kati ya vitenzi hivyo viwili, ikapimwa kwa milimita. Kwa maoni yangu nomino inayoweza kuibeba ni "nafasi", kwa sharti isiachwe peke yake. Iambiwe ni nafasi ya nini: nafasi ya ekseli kupanda, nafasi ya injini kutikisika, nafasi ya joto. Mafundi tayari husema "nafasi ya spana", na hapo ndipo "upenyo" linapopata kazi yake halali, kwa sababu spana na mkono lazima vipenye hadi kwenye filta ya oili na boliti ya stata bila kuishusha injini nzima. Anayetunga kitabu cha ufundi akiandika "nafasi: milimita 25" bila nyongeza, amemwachia mwanafunzi kazi ya kubahatisha.

Tapeti ni jambo jingine. Injini ile ya zamani ya 2.25 hutaka milimita 0.25 kwenye valvu, inayopimwa kwa fila geji, na mafundi husema tu "kuseti tapeti". Sioni haja ya kuwasumbua.

Kuna nafasi moja zaidi, nayo husahaulika hadi siku ya ukaguzi. Kadi ya gari imeandikwa namba ya chesesi na namba ya injini, na injini ikibadilishwa kadi nayo hubadilishwa. Namba hiyo imegongwa ubavuni mwa bloki. Ukichomelea kibao cha betri mbele yake, hakuna kitu kitakachogusa, na mkaguzi hatasoma chochote.